Mapigo Thelathini ya Ringi

Enzi zetu kule Kabuchai, kila asubuhi ilikuwa mbio. Nimekumbuka hayo kwa sababu Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja hapa Kitale, okestra ya vijana ilifungua tamasha kwa muziki uliotungwa kuhusu mashindano ya magari. Fidla zilikimbizana, tarumbeta zikapiga honi, nami nikaanza kutikisa mguu. Kisha msichana mmoja kule nyuma akachukua nyundo, akagonga ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Mguu wangu ukasimama.

Kengele ya shule yetu ilikuwa ringi kama ile, imefungwa kwenye mkaratusi. Mgongaji nilikuwa mimi, wa darasa la nane, na nilijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu. Mapigo yalikuwa thelathini. La mwisho likilia, geti linafungwa, na aliyebaki nje anapalilia mahindi ya shule hadi saa nne. Basi watoto walichomoka kwenye miwa pekupeku, umande hadi magotini, kiazi kitamu cha jana mfukoni. Wa siku hizi hubebwa na bodaboda hadi mlangoni na bado wanachelewa. Mama alinionya mapema, "Wewe umeshika miguu ya watoto wa watu. Gonga polepole."

Nasimiyu, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa akimtekea bibi yake maji kwanza. Nikimwona anakata kona ya kisima, napunguza mwendo: nagonga, navuta pumzi, nagonga tena. Aliingia kwenye la thelathini kila siku, akicheka.

Wiki moja alinishinda mbio za shule, darasa zima likanicheka. Siku mbili baadaye wageni walikuja kutoka Kitale na mtihani wa asubuhi. Atakayeongoza angelipiwa karo ya sekondari. Wa kwanza darasani siku zote alikuwa Nasimiyu. Wa pili mimi. Nilimwona vizuri kwenye kona ya kisima, nikaigonga ringi haraka haraka kama mtu anayefukuza tumbili shambani. Alikuta geti limefungwa. Alipofunguliwa, mtihani ulikuwa umekwisha, na wageni wakaondoka na jina langu.

Nikasoma, nikawa karani wa serikali. Nasimiyu anauza mahindi sokoni katika mji wa Kwanza. Msichana mwenye nyundo ni kitinda mimba wake, na Nasimiyu mwenyewe ndiye aliyenialika tamashani. Muziki ulipokwisha, ukumbi mzima ukasimama, Nasimiyu akaniegemea begani.

"Umesikia hiyo ringi? Nilimwambia huyu mtoto, si wewe ulikuwa unaningojea, bana. Kila siku. Ni ile siku moja tu nilichelewa."

Kwa miaka yote hii anaamini alichelewa. Nami nikamwacha aamini hivyo. Husemwa majuto ni mjukuu, lakini haya yangu yamezeeka pamoja nami. Shule yetu siku hizi ina kengele ya umeme, inalia kwa dakika yake. Haimngojei mtoto wa mtu, wala haimwibii. Nikampigia binti yake makofi, na watu walipoketi mimi nilikuwa bado nimesimama, napiga.