Kidude cha Mama Gia

Mama Gia aliingia dukani na glovu zake za kazi kiunoni, chupa ya maji mkononi, na tambara lenye grisi limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alimuuliza tambara la nini. Akaambiwa achague, kunyamaza au kwenda kusubiri kwenye gari. Alinyamaza. Mama mwenyewe moyo ulikuwa unamwenda mbio kama msichana anayechumbiwa, ila hilo hangelisema hata ungemfunga kamba.

Miaka ishirini na sita alikuwa anapeleka sanduku la chanjo kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya mbuga, kwa pikapu yake inayovuta kwa magurudumu yote manne. Barabara inaishia kwenye tanuri la matofali. Kuanzia hapo ni mchanga, matope mvua ikinyesha, na korongo moja lenye kivuko kimoja tu kigumu. Ukikikosa, gari linazama hadi milangoni. Jina la Mama Gia alipewa na wapakiaji wa stoo ya dawa, kwa vile akibadili gia hata abiria aliyesinzia haamki.

Basi stoo ikapata mkuu mpya, mtu wa tai na faili, akaleta amri yake. Gari lisilo na GPS, kifaa cha kuonesha njia, halibebi chanjo tena, na dereva aoneshe kuwa kifaa anakijua. Jumamosi mkuu mwenyewe angepanda naye kwenda na kurudi. Mama akishindwa, usukani atapewa mkwewe, mume wa huyo huyo mwalimu, ambaye kwa maneno ya Mama Gia anaweza kupotea akitoka bafuni.

Muuzaji alipanga vifaa vitatu juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa chembamba, kinang'aa, na kinaongea. Binti akakipenda hapo hapo.

"Mama, hiki kinakwambia kila kona. Hata kusoma huhitaji."

Hapo aliharibu. Herufi Mama Gia anazijua, lakini kama unavyowajua watu wa mtaa wa pili: mnasalimiana, hamkai mkazungumza. Na hilo halikuwa neno la kusemwa mbele ya muuzaji. Alivikusanya vyote vitatu kwenye kanga, akatoka navyo nje juani, muuzaji nyuma yake anaomba taratibu, mama, taratibu.

Juani cha kwanza kikawa cheusi kama kisima. Cha pili kilionekana vizuri. Akavaa glovu, akazipaka grisi ya lile tambara, akakibonyeza. Kimya. Akakimwagia maji kidogo, kwa sababu mvua nayo haiombi ruhusa, akabonyeza tena. Kimya vile vile. Muuzaji alishika kichwa. Cha tatu kilikuwa kinene, kibaya cha sura, kimezungushiwa mpira kama tairi, na vitufe vyake vinatokeza pembeni. Kile kilisikia glovu, kikasikia grisi, kikasikia maji.

Bado hakuridhika. Akataka vipakiwe garini, naye muuzaji apande. Kinachoongea kiliwapeleka vizuri mpaka kwenye tanuri la matofali, kisha barabara ilipokwisha kikaanza: geuka nyuma, geuka nyuma. Mama akakanyaga mafuta, akaingia mchangani. Geuka nyuma. Alikiacha kiseme mpaka binti akaanza kucheka, ndipo akakizima.

"Marehemu baba yako alinielekeza hivyo hivyo maisha yake yote," alisema, "na sikugeuka."

Muuzaji, huku ameshikilia mlango, akamweleza habari za kile kinene. Hakihitaji mtandao wa simu, kinajua kilipo kwa setilaiti za angani. Penye barabara kinaonesha barabara. Pasipo na barabara kinachora mstari pale ulipopita, nawe unaweza kusimama ukabandika alama ya picha, na siku nyingine ukipita utaikuta.

Mama Gia akasimamisha gari katikati ya mchanga.

"Yaani mimi ndiye nakifundisha?"

"Wewe ndiye unakifundisha, mama."

Akakifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake. Kile kikanunuliwa.

Jumatano, safari ya kawaida, alikifundisha. Kila penye jambo alisimama, akabonyeza, akachagua picha. Kisimani tone la maji. Kwenye matope yanayomeza magari, fuvu. Kwenye mifupa ya lori bovu, pale anapokata kushoto kuelekea kivukoni, akaweka gari. Alirudi nyumbani anaimba, na chakula cha jioni akakila kidude kikiwa kando ya sahani.

Jumamosi mkuu wa stoo akapanda na faili lake. Walipoingia mbugani akainama juu ya kioo cha kidude.

"Hapa mbugani kuna nyumba ya wageni? Naona kitanda."

"Nililala hapo siku mbili, nimekwama."

"Na hiki kikombe?"

"Nakunywaga chai. Pana kivuli."

Mkuu akaandika. Aliandika kirefu mno kwa majibu mafupi hivyo, na Mama Gia akaanza kumwona mkwewe ameketi kwenye kiti chake, anaparuza gia zake.

Ndipo upepo ukainuka. Vumbi likajaa, mchana ukageuka rangi ya chai ya maziwa. Mama akatafuta mifupa ya lori. Haikuwepo. Akasogea kidogo, akashusha kioo cha mlango, akachungulia. Palikuwa na doa jeusi la mafuta na vipande vya kutu. Wauza vyuma chakavu walikuwa wamelikata lori na kulibeba, tangu Jumatano tu. Miaka ishirini na sita, na leo hajui kushoto ni wapi. Nyuma yake barafu kwenye sanduku la chanjo ilikuwa inaanza kulia maji. Mkuu aliacha kuandika.

Akageukia kidude. Kigari chake kidogo kilikuwa kimesimama pale pale alipokiweka, na mstari wa Jumatano unakata kushoto.

Akatia gia ya pili, akaufuata mstari bila kuona zaidi ya boneti. Mchanga, mchanga, kisha chini ya magurudumu ukasikika mlio wa kokoto ngumu. Kivuko. Wakapanda ng'ambo.

"Umejuaje, mama?" mkuu aliuliza, tai imemkaa begani.

Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni. Akaumeza.

"Sikujua. Hiki kimenikumbusha," alisema, na hilo lilimuuma kuliko korongo.

Kwenye zahanati muuguzi alifungua sanduku, akagonga barafu kwa kidole, bado ngumu. Mkuu akatia sahihi kwenye faili: dereva yule yule. Kisha akaomba kuoneshwa jinsi ya kubandika picha, na wakati wa kurudi, walipofika penye doa la mafuta, akanyoosha kidole afute kile kigari, maana lori halipo tena.

Mama Gia akampiga kofi dogo mkononi.

"Liache hapo," alisema. "Mimi bado nakata kona kwake."