Siku Maji Yangu Yalipokuja Mkutanoni

Nitawaambia, lakini mcheke polepole, maana hata leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto.

Mimi ni mkulima wa mpunga huku Mwea, na shamba langu liko juu, yaani maji ya mfereji yananifikia kabla ya wenzangu wa chini. Msimu ule watu wa chini walikuwa wanalia, miche imegeuka manjano, na mimi na mdomo wangu mrefu nikaamua kugombea uenyekiti wa kundi letu la maji. Kampeni yangu ilikuwa neno moja tu: wezi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikisema kuna watu wa juu wanaofungua geti la kuingizia maji shambani wakati si zamu yao, nichagueni niwashike mmoja mmoja (mimi mwenyewe ni wa juu, lakini hakuna aliyeuliza).

Asubuhi ya uchaguzi ilikuwa zamu ya watu wa chini. Nikapita shambani, nikaona kona moja imekauka, nikajiambia nifungue geti dakika tano tu, nani atajua? Nikafungua, nikaenda kuoga, nikavaa gauni la kitenge na viatu vyeupe, na nilipotaka kurudi kufunga nikaangalia tope, nikaangalia viatu, nikaamua maji yatangoja. Maji hayangoji, jamani!

Mkutano ulikuwa kwenye hema kando ya barabara, karibu na kalvati, lile bomba la chini ya barabara ambalo mfereji wa watu wa chini unapitia. Nimeshika maikrofoni, nimefika pale pa "mwizi wa maji hana haya", nikaona watu wa mbele wanainua miguu. Shamba langu lilikuwa limejaa, likafurika tuta, maji yakaingia mfereji wa chini na kuja moja kwa moja mpaka hemani.

"Hebu tufuate hii maji tuone imetoka kwa nani," akasema Gichuki, mpinzani wangu.

Mkutano mzima ukaondoka, mimi nyuma nikiomba njia iwe ndefu. Haikuwa ndefu. Geti langu lilikuwa wazi kabisa.

"Mama Wawira, si hii ni geti yako?" akaniuliza Gichuki.

Nilitamani kuzimia, ila nikaona nitaangukia tope. "Ni yangu," nikasema. "Nimefungua mimi." Nikainama nikalifunga mbele yao, na kicheko nilichosikia hapo sitakisahau.

"Mmeona?" akasema Gichuki. "Mwizi ndio huyu!"

Lakini Mzee Njogu, mwenye shamba la mwisho kabisa kule chini, hakucheka.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Hii maji imeingia kwa mfereji yetu, na ni mingi. Mbona imekaa kwa hema? Mbona haijashuka kwangu?"

Tukarudi mbio mpaka kwenye kalvati, na kwa kuwa sikuwa na heshima yoyote ya kulinda tena, nikakunja gauni, nikaingia, nikatia mkono mpaka begani. Nikavuta gunia lililooza, limejaa maganda ya mpunga, limefungwa na mizizi. Nyuma yake lingine. Kumbe siku zote za zamu yao maji yalikuwa yakija taratibu, yakifika pale yanapotelea majanini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama hapo aangalie, kazi yetu ilikuwa kulaumiana. Gichuki naye akavua koti akashuka, tukavuta gunia la mwisho pamoja, na maji yakapita kwa kishindo!

Mzee Njogu alikimbia kando ya mfereji (na huyo ni mtu wa kulalamika mgongo kila siku). Tukamsikia kwa mbali, "Imefika! Imefika kwangu!" Akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikalia kwa furaha, tope mpaka usoni.

Tulipiga kura tukiwa tumesimama majini. Mzee Njogu ndiye aliyeinua mkono kwanza.

"Huyu ametuibia, na amekubali mbele ya watu," akasema. "Atasafisha huu mfereji mwezi mzima, na atakuwa mwenyekiti."

Mikono ikainuka, hata wa Gichuki.

Nimeapa sitafungua tena geti nikaliacha, hata kama nimeitwa harusini. Na mambo ya kutangaza wezi nimeacha kabisa: mtu akinipigia simu ati maji yake yameibiwa, navaa gambuti, nafuata mfereji mpaka mwisho ndipo nifungue mdomo. Msimu huo Mzee Njogu alivuna mpaka akakosa pa kuanika mpunga, akaja kuomba uwanja wangu.