Diski ya Mwalimu Perpetua Ilivyosomeka Chang'ombe

Niliondoka Morogoro Jumatatu kwa sababu ya kiboksi kimoja cheusi kilichogoma kufanya kazi. Kilikuwa diski ya nje, ile ya kuchomeka kwenye tundu la printa nyuma ya kompyuta, na ndani yake kulikuwa na kitabu cha Mwalimu Perpetua, mkunga mstaafu aliyefundisha wakunga wenzake miaka mingi. Kwa miezi minane nilimsomea kila ukurasa kwa sauti naye akasahihisha, maana macho yake yalikuwa hayaoni tena maandishi. Disketi zetu zilikuwa na rasimu ya kwanza tu, yenye makosa hadi kwenye vipimo vya dawa. Kiwanda cha uchapaji cha Chang'ombe kilitupa nafasi Jumatano. Tukiikosa, tungesubiri vitabu vya shule viishe kuchapwa, na hakuna aliyejua ni lini.

"Nitakipeleka," nilimwambia Mwalimu. Nilisema hivyo bila wasiwasi. Mashine nilikuwa nimezizoea.

Jioni nilifika Ukonga kwa mama mdogo. Alipoona nimekipakata kiboksi kwa khanga, akacheka. "Umekuja kunisalimia au umeleta mgonjwa?" Nilikichomeka kwenye umeme nikatega sikio. Taa ya kijani iliwaka, diski ikaanza kuzunguka, ikalia tik, ikazima, kisha ikaanza upya. Nikapata moyo. Kitu kinachojaribu kuamka hakijafa.

Jumanne asubuhi nilikuwa Kinondoni, kwa fundi wa kompyuta niliyeelekezwa. Alibadilisha waya, hali ikawa ile ile. Akachomoa adapta inayokilisha kiboksi umeme, akaipima kwa mita: volti kumi na mbili kamili.

"Adapta nzima, sista. Diski ndiyo imekufa. Tuifomati tuone."

"Kama imekufa, utaifomati vipi? Na kama iko hai, si utafuta kila kitu?"

Akacheka, akakuna kichwa. Nilikichukua kiboksi changu nikamshukuru. Lakini ile namba ya mita nilikuwa nimeiamini, na kama adapta ni nzima, kosa lilibaki ndani kwenye diski, mahali nisipopaweza.

Mchana nilifika Chang'ombe, nikamweleza mpangaji wa kurasa wa kile kiwanda, bwana mmoja aitwaye Lukas, ukweli wote. Hakunilaumu. "Nyuma ya ukuta huu yupo Bi Zuhura, fundi wa redio za malori. Kompyuta hazijui, ila umeme anaujua."

Bi Zuhura alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nikisikie hicho."

Akakichomeka, akaweka sikio juu ya kiboksi, akakisikiliza kikihangaika. "Hiki kina njaa. Adapta imeshapimwa?"

"Fundi wa Kinondoni aliichomoa akaipima. Kumi na mbili."

"Haikuwa na mzigo. Mie naipima ikiwa kazini." Akagusisha ncha za mita huku diski ikijaribu kuzunguka. Mshale ukaporomoka hadi saba. Niliona aibu, maana hilo hata mimi ningeweza kulifikiria.

Adapta ya kufaa hakuwa nayo. Alikuwa na betri ya gari, volti kumi na mbili, anayojaribia redio. "Nikigeuza chanya na hasi, naiua kweli. Useme mwenyewe."

Nikasoma alama iliyochorwa kando ya tundu la kiboksi mara mbili, nikamwonyesha: chanya katikati. "Unganisha, mama."

Tuliibeba betri hadi chumba cha Lukas. Bi Zuhura alikata waya wa ile adapta, akaupima, akaufunga kwenye betri. Diski ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Niliweka disketi ya kuitambulisha kwenye kompyuta, na majina ya sura yakajipanga kwenye kioo. Tulinakili kitabu mara mbili, kila nakala kwenye kompyuta yake, kisha nikasoma ukurasa wa vipimo vya dawa kwa sauti. Yalikuwa masahihisho ya Mwalimu, neno kwa neno. Hapo ndipo nilipokaa.

Jumatano mashine ilichapa. Bi Zuhura alipofuata betri yake, aliokota karatasi moja yenye wino mbichi, akavaa miwani, akasoma amesimama. Mashine ilipozimwa alikuwa bado anasoma. "Mie nimezaa watano," akasema. "Haya hakuna aliyeniambia." Aliondoka nayo.

Alhamisi nilirudi Morogoro. Nimejifunza kupima kitu kikiwa kazini, na kutoweka jasho la miezi minane mahali pamoja. Nilimsimulia Mwalimu Perpetua yote hayo. Habari za betri hazikumgusa sana.

"Huyo mama alichukua ukurasa gani?"

"Wa kutokwa damu baada ya kujifungua."

Akatabasamu. "Basi kitabu kimeshaanza kazi."