Lengalenga ya Maman Furaha

Muzee kama miye, mwenye aliachia shule mu deuxième, mwaka wa pili tu, nani alinituma mu grupe ya telefone? Ni sukari mu damu, munisamehe. Maman Furaha wa Kadutu anatufundishaka humo kula vizuri na franga kidogo. Juzi akatuma foto ya mboga ya lengalenga na ndagala, wale samaki wadogo: “Karibuni wote!”

Sasa kwetu mutu akikuonesha chakula na kukukaribisha, unafanya nini? Nikapanda mulima mpaka kwake Kadutu na sahani yangu.

Bwana yake akafungua. Nikasema bibi yake ameniita kula. Akakunja uso, akamupigia telefone, sauti wazi:

“Huku iko muzee na sahani. Anasema ulimuita!”

Maman Furaha akanilalamikia mu telefone: “Papa we! Miye niko ku kisiwa ya Idjwi! Tuko watu mia mbili mu grupe, ni wewe tu umekuja kula?”