Nusu Mbili za Ndama wa Gaju

Niliondoka Mbarara kwa sababu mbili, na ya kweli niliificha. Ile niliyoisema ni kwamba dokta wa mifugo alihitaji msaidizi wa kushika ng'ombe na kuchemsha vyombo, kazi niliyoizoea katika ranchi za Uganda. Niliyoificha ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa Bunia. Mimi nilizaliwa Bunia, kule mtaa wa Mbunya, na sikuwa nimeuona ua wetu tangu vita ilipotutoa nikiwa kijana. Nimeishi miji mingi tangu hapo, na kila mji niliupima kwa ule ua.

Siku ya kwanza nililala Arua. Siku ya pili nilivuka mpaka, lakini badala ya kushika njia ya Bunia nilipanda kwanza kaskazini hadi soko la Ariwara, nikanunue buti za mpira na kitenge cha mwenyeji ambaye sikumjua bado. Kusema kweli nilitaka kusikia Kiswahili chetu kikipigiwa kelele. Mwanamke wa vitenge aliniuliza, "Papa, iko ya bibi yako ama ya mama-mukwe? Ya mama-mukwe inapanda bei." Nilicheka peke yangu mpaka Mahagi.

Siku ya tatu na ya nne nilikuwa juu ya magunia ya maharage, ndani ya lori lililozama matopeni mara tatu. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda tena. Nilipoona taa za Bunia nilijifunika uso kwa kofia, nisionekane nikilia.

Asubuhi dokta alinipeleka pembezoni mwa mji, kwa Mama Georgette. Alikuwa mjane, na ng'ombe wake wakubwa hawakufika kumi. Alinipokea kwa maziwa kutoka kibuyu kilichofukizwa moshi wa majani. Nilimpa kitenge, nikanywa yote. Mchunga ng'ombe wake, Dieudo, mtu wa umri wangu, aliziangalia buti zangu.

"Umevaa kama commandant," akasema. "Tutaona kama mavi itakupigia saluti. Lakini sasa umekunywa. Hapa kwetu, mugeni mwenye amekunywa maziwa hakuna wa kumubisha mbele ya watu. Ata ukisema ngombe inaruka, siye tutatazama juu."

Kisha Mama Georgette alinionyesha Gaju, ng'ombe wa kahawia nyekundu, mifupa ya nyonga imechomoza. Vita ilipofika Aveba, kijijini kwao, Mama Georgette alitoroka kwa miguu na kundi lote la mume wake. Ndama mmoja tu wa kundi lile alifika Bunia, naye ndiye Gaju. Amezaa madume matupu, na sasa hashiki mimba tena.

"Dokta, minataka binti moja tu," alisema. "Moja, kisha Gaju apumzike."

Dokta alimweleza kwa upole. Gaju atachomwa sindano ili atoe mayai mengi kwa mara moja, kisha atapandishwa. Siku ya saba tutasafisha tumbo lake la uzazi kwa maji maalum na kuokota viinitete, yaani mimba changa zisizoonekana kwa macho. Kikipatikana kimoja tu, yeye dokta atakigawa mara mbili kwa kisu chembamba, kama mapacha wanavyogawanyika wenyewe, na kila nusu itabebwa na ng'ombe mwingine. Wabebaji walikuwa wawili, Mweusi na wa Madoadoa, nao wangechomwa sindano za kuleta joto. Sharti lilikuwa moja: waingie joto pamoja na Gaju, wasipishane naye siku nzima, la sivyo nusu haishiki. Ng'ombe aliye katika joto husimama tuli wenzake wanapompanda. Kulinda saa hiyo, alfajiri na jioni, ilikuwa kazi yangu.

Jioni ya siku tuliyoingojea, Gaju alisimama, na Mweusi akasimama. Niliwaona kwa macho yangu. Alibaki wa Madoadoa, wa kulindwa alfajiri.

Alfajiri hiyo nilipanda pikipiki nikaenda Mbunya.

Nilijiambia ni nusu saa tu. Nilikuta mparachichi wetu umekatwa, ukuta umepakwa rangi nyingine, na mwanamke nisiyemjua anafagia palepale alipofagia mama yangu. Nilikaa kwenye banda la chai upande wa pili wa njia, nikamtazama mpaka jua likawa kali.

Niliporudi, dokta alikuwa anavaa koti. "Wa Madoadoa?"

"Amesimama," nikasema. "Alfajiri."

Mama Georgette alikuwa anachuja maziwa. Aliinua kichwa, akanitazama, akakiinamisha tena.

Siku ya saba Mama Georgette alivaa kile kitenge cha Ariwara kama mtu anayeenda misa. Kilipatikana kiinitete kimoja kizuri. Dokta aliweka hadubini mezani, katika chumba cha maziwa, akamwita aangalie.

"Hii njo ndama?"

"Njo mwanzo wake, mama."

Dokta alikata. Sisi tulizuia pumzi. "Sasa ziko mbili," akasema, na mama akapiga vigelegele kwa sauti ndogo, asitikise meza.

Nusu ya kwanza iliingia kwa Mweusi bila shida. Kwa wa Madoadoa, mkono wa dokta ulisita ndani. "Huyu naona kama iko nyuma kidogo. Uko na hakika ulimuona?"

Bado kulikuwa na muda. Neno moja lingetosha.

"Nina hakika, dokta."

Wiki mbili baadaye Mweusi alirudi katika joto. Baada ya siku mbili akarudi wa Madoadoa. Dokta alimpima Gaju tena, akatikisa kichwa: amezeeka, hatatoa kitu. Alifunga vyombo vyake akarudi kwao Butembo. Mimi nilibaki, nikisema nitatengeneza ua wa zizi. Nikiwa na nyundo mkononi nilimsikia Mama Georgette akimwambia Dieudo, "Mimba haikushika juu tulikata. Kitu Mungu alifanya moja, siye tunakata mbili." Kila asubuhi alisali kabla ya kukamua, na nilijua anaombea nini. Nilipigilia misumari kwa nguvu ili nisisikie.

Siku ya kuondoka aliniletea maziwa ya njiani. Nilikiweka kikombe chini.

"Leo sinywi, mama. Sinywi kusudi useme, maziwa yasikufunge mdomo. Wa Madoadoa sikumwona."

Dieudo aliacha kufunga kamba. Mama Georgette aliketi.

"Najua," akasema. "Alisimama kesho yake mangaribi, mbele ya macho yangu. Nilizania sindano za dokta ziko na joto yake ingine, yenye siye bajinga hatuoni. Na tena ulikuwa umekunywa." Akakivuta kikombe karibu. "Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Mbunya. Kuangalia ua wetu."

"Ukakuta nini?"

"Hakuna kitu, mama. Watu wengine."

Alimtazama Gaju, kisha mimi. "Kumbe minaomba Mungu musamaha siku hizi zote," akasema, "juu ya kosa yako."

Alichukua kile kikombe akanywa mwenyewe mpaka mwisho. "Dieudo, fungua ngombe. Jua inapanda."

Barabarani, nikingoja lori, nilimpigia dokta simu nikamwambia yote.

"Ungesema tu," alijibu, "nusu zote mbili ningeziweka kwa Mweusi, zisaidiane kushika." Kisha akakata.

Miaka mingi nilibeba ua mmoja nisioweza kuurudia, na niliwalaumu waliotufukuza. Nilipopanda lori nilikuwa na ua wa pili, wenye ng'ombe mzee wa kahawia nyekundu ndani yake. Kutoka huo nilijifukuza mwenyewe.