Mtu wa Dirishani Anayeonwa na Babu Pekee

Saa tatu asubuhi jua limeshajaa ofisini, na picha ya nyumba bado iko kwenye paa. Inashuka mstari kwa mstari kwenye skrini, polepole, kama mtu anayeteremsha pazia. Mbele yake ameketi mwanamke wa miaka arobaini na moja, mikono mapajani.

"Usimharakishe Babu," anasema hatimaye. "Babu hapelekwi mbio."

Babu si mtu, ni programu. Mwanamke huyu, ambaye mafundi humwita Mama Kivuli, hutengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Mwenye kiwanja anaiona sebule yake, na jua la jioni limelala sakafuni, kabla ya tofali la kwanza. Anayedhani hiyo ni kazi ya kubofya tu, na aje akalie kiti hiki siku moja.

Ndani ya kompyuta yake moja wanaishi watatu. Babu ni toleo la miaka kumi na miwili iliyopita, Baba ni toleo la kati, na Mjukuu ni la mwaka huu. Kila mchoro hufunguliwa na yule aliyeuzaa. Ukimpa Mjukuu mchoro wa Babu, ataurekebisha anavyojua yeye, na ukishahifadhi, maji yamemwagika.

"Mjukuu ana mbio," anasema. "Picha inayomchukua Babu dakika hamsini, yeye anaimaliza kwa nne. Ila hakumbuki watu."

Miaka minne iliyopita, mumewe, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, alichora kwa Babu nyumba yao wenyewe. Akajiweka na yeye humo: mtu mrefu wa shati la kijivu, kwenye dirisha la ghorofani, akitazama barabarani. Wiki sita baadaye alifariki.

Kwa Babu, mtu yule anaonekana. Kwa Baba, dirisha ni tupu, lakini kivuli kimebaki ukutani. Kwa Mjukuu hakuna mtu wala kivuli.

Sababu inajulikana: matoleo mapya hayaelewi namna ya zamani ya kuweka watu kwenye picha. Lakini duka la kuchapa michoro hupokea mafaili ya Mjukuu tu, na bila michoro fundi hajengi.

"Ningeweza kumpa Mjukuu nakala," anakiri. "Moyo ulikataa. Nijenge nyumba ambayo yeye hayumo?"

Basi msingi uliokwisha kuwekwa ukabaki msingi. Kompyuta nayo imechoka. Mwaka huu imejizima mara kumi na saba, na mashine mpya hazimkubali Babu. Siku itakapokufa, mtu wa dirishani atakwenda nayo.

Wiki tatu zilizopita, shemeji yake, mdogo wa marehemu na fundi mwashi, alibaki peke yake ofisini na kulibofya lile faili la nyumba. Kila faili linalobofywa moja kwa moja, kompyuta humpa Mjukuu. Mjukuu akalifungua, akauliza kama ahifadhi mabadiliko yake, na mwashi akajibu ndiyo.

"Iliniuliza kwa adabu, shemeji," anajitetea leo, akiwa amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa. "Nami nimefundishwa kuitikia."

"Ulifundishwa pia kutogusa vya watu."

"Siku ya somo hilo nilikuwa mgonjwa."

Ilibaki nakala moja, kwenye flashi iliyofungiwa ndani ya kopo la nyuzi tangu wiki ya mazishi. Mama Kivuli alimpa Babu nakala hiyo, akasubiri dakika zake hamsini. Nyumba ikatokea ileile. Ila dirisha la ghorofani lilikuwa tupu. Mtu wa shati la kijivu alikuwa chini, kwenye mlango wa mbele, ameshika kitasa.

"Nilidhani ni macho yangu. Nikairudia mara tatu," anasema. "Tarehe ya faili ni ileile aliyoiacha mume wangu. Hakuna aliyeligusa."

Tangu siku hiyo hajathubutu kuirudia, hadi asubuhi hii.

Picha imefika ghorofani. Dirisha ni tupu. Mwashi ameinuka kwenye ndoo yake. Mstari unashuka, ukuta unatokea, kisha fremu ya mlango.

Mlango uko wazi. Hakuna mtu. Kwenye ngazi za nje amelala kivuli kirefu, kichwa kikielekea huku waliko watazamaji.

"Ameondoka," mwashi ananong'ona.

"Hajaondoka." Mama Kivuli haondoi macho kwenye skrini. "Ametoka kuangalia mbona ujenzi umesimama. Si unamjua kaka yako? Fundi mvivu alikuwa akimfuata mwenyewe."



Kiwanjani nyasi za kimo cha kiuno zimeufunika msingi. Jumatatu zinafyekwa. Nakala ya pili imeshapelekwa kwa Mjukuu, na michoro itachapwa leo mchana.

"Siku ya kuezeka nitampa Babu picha hii tena, kama mashine itakuwa hai," anasema mama huyo. "Nikimkuta dirishani, nitajua amerudi nyumbani."

Mwashi anaokota futi yake ya kupimia na kuaga. Anapofika mlangoni mwa ofisi anasita, kisha anajibana pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake anayeingia.