Gharika Mezani kwa Afande Rose

Mwanangu, nimesikia wenzako wamekuchagua uwe mwamuzi wa michezo yao ya karata, nami nimefurahi kuliko unavyodhani. Kuna Jumapili moja ya ujana wangu ambayo bado naikumbuka vizuri, maana siku hiyo niliifanya kazi hiyohiyo unayopewa wewe leo, na nusura inishinde. Keti kidogo nikusimulie.

Nilikuwa kijana kutoka Machakos, mgeni hapa Kampala. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma, biashara imechangamka, na Wakenya tulikuwa tukija kutafuta maisha. Aliyenipokea alikuwa Barasa, Mluhya mmoja mkubwa wa mwili na mkubwa wa moyo. Ndiye aliyenitafutia kazi katika duka la vyuma, na ndiye aliyenipa nusu ya chumba chake pale Kansanga bila kuuliza nitakaa mpaka lini. Usisahau hilo, maana ndilo lililofanya siku ile iwe nzito.

Jumapili baada ya kanisa tulikutana katika hoteli ndogo ya chai, kando ya barabara ya Ggaba, kucheza karata tulizoziita Mazimwi. Wewe unacheza za kisasa, lakini mwenendo ni uleule. Kila mtu huja na fungu lake, alilolikusanya polepole kutoka katika pakiti zilizofungwa, ambazo hujui ndani mna nini mpaka umezipasua. Karata moja ni zimwi, nyingine mganga, nyingine radi au mafuriko, na kila moja imeandikwa uwezo wake. Maneno hayo ndiyo yanayoleta ugomvi. Mimi nilipenda kuyasoma kuliko hata kucheza, kwa hiyo wenzangu wakaniambia, wewe ndiwe mwamuzi wetu.

Mwenye hoteli tulimwita Afande Rose. Alikuwa mama wa Kiacholi aliyetumika katika polisi kabla ya vita na baada ya vita, kisha akastaafu na kuanza kuuza chai na chapati. Mchezo wetu hakuujua hata kidogo. Alipenda tu kuona vijana wamekaa pamoja, Wakenya, Waganda, watoto wa askari kutoka kaskazini, wote wakigombania mazimwi ya karatasi badala ya kugombania mambo mengine.

Basi tulipata habari kwamba wachezaji wa Nairobi wanatualika tumtume mtu mmoja kwenye mashindano yao. Tukacheza wiki baada ya wiki mpaka wakabaki wawili: Barasa, na binti mmoja aliyeitwa Akello, ambaye baba yake alikuwa polisi. Barasa alikuwa na hamu kubwa, maana akienda Nairobi angepitia Bungoma kumwona mama yake, ambaye hakuwa amemwona kwa muda mrefu. Akello naye hakuwa amevuka mpaka wa Uganda hata siku moja. Alicheka kama asiyejali, lakini macho yake yalionyesha kwamba safari ile anaitaka kwa roho yake yote.

Mchezo ulipofika mwisho nilikuwa jikoni nikimsaidia Afande kubeba vikombe. Nikasikia meza imepigwa. Nilipotoka, Barasa amesimama, Akello amesimama, na kila aliyekuwa akitazama anapiga kelele upande wake.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Mbele ya Akello palikuwa na Simba mwenye mabawa, karata yake kali kuliko zote, na Mganga wa Kisima. Karata ya Mganga ilisema: Mganga akifa, chukua kiumbe chako kimoja kilichokufa, ukirudishe mkononi. Barasa alikuwa na Zimwi la Moto, na alikuwa ametoa karata ya Gharika, ambayo huua viumbe vyote vilivyoko mezani, vyake na vya mwenzake. Akello alisema Mganga wake amekufa, kwa hiyo anamrudisha Simba. Barasa alisema hapana, zimwi lake lilimuua Mganga kwanza, wakati Simba yu hai bado, kwa hiyo hapakuwa na maiti ya kurudisha.

"Musyoka," Barasa aliniita, "waambie. Wewe unajua sheria."

Wote wakanigeukia. Mwanangu, aliyenitazama namna ile ndiye aliyenipa mahali pa kulala. Nikafungua mdomo, na swali lililonitoka ni, "Sasa nani ana haki hapa?"

Nikahisi mkono begani. Afande Rose alikuwa nyuma yangu na birika lake.

"Wewe kijana, ngoja kwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha polisi. "Usiuliza nani iko na haki. Hiyo ni ya mwisho. Uliza kwanza nini ilitokea. Moja aongee mpaka amalize, ingine anyamaze. Halafu ingine."

"Lakini Afande, hii ni mambo ya sheria ya mchezo," Barasa alisema.

"Mchezo yenu mimi sijui, bwana ssebo. Watu wawili wanapiga kelele, hao mimi najua."

Akaweka birika mezani, akavuta stuli, akakaa. Nami nikafanya kama alivyosema. Nikamwomba Akello aanze, tangu zamu ya Barasa ilipoanza. Alisema kwa ufupi: Barasa ameweka Gharika, na yeye akanyoosha mkono kumchukua Simba. Barasa alitaka kumkatiza, nikamwomba angoje. Akangoja, akipumua kwa nguvu. Kisha nikamwambia, "Barasa, na wewe tuambie, polepole, tangu mwanzo."

Alianza kwa hasira, lakini hasira haikai muda mrefu kwa mtu asiyekatizwa. "Nilivuta karata," alisema. "Nikaona ni Gharika. Nikafurahi, nikaiweka hapa katikati. Nikasema, vyote vimekufa. Halafu nikaona ule Mganga, nikakumbuka kazi yake, nikasema basi, zimwi yangu imuume kwanza..."

Akaitazama Gharika pale mezani. Alikuwa amejisikia mwenyewe. Hakuna aliyemsuta.

"Gharika ilitangulia," alisema kwa sauti ndogo.

Hapo jambo la kwanza likawa limekwisha, na aliyelimaliza ni yeye. Lililobaki lilikuwa langu. Niliwasomea kanuni kutoka kijitabu cha mchezo: karata ikishawekwa na kutangazwa, imeanza kazi, huwezi kurudi nyuma yake na kuingiza jambo jingine, ila karata nyingine ikuruhusu kwa maneno yake. Na viumbe vinavyouawa na karata moja hufa pamoja, kwa pigo moja. Nikamsomea Barasa maneno ya Mganga. Yanasema akifa. Basi yeye na Simba walikufa pamoja, na uwezo wake ulipoamka Simba alikuwa tayari miongoni mwa wafu.

"Akello anamrudisha Simba," nilisema. Niliyasema nikimtazama Barasa usoni.

Akello alimweka tena Simba zamu yake ilipofika. Barasa hakuwa na kitu cha kumzuia. Mchezo ukaisha. Barasa alimpa mkono, akakusanya karata zake, akaondoka.

Nilirudi nyumbani nikiwa tayari kukunja nguo zangu nihame. Nilimkuta amewasha sigiri ya makaa, sufuria ya ugali iko juu. Hakunisalimu. Tulikula. Kisha akasema, "Leta ile kanuni, unisomee tena." Nikamsomea. Akaniuliza maswali, nikajibu, akauliza tena. Mwishowe akacheka kile kicheko chake kinachojaza chumba. "Bana, kama ungenipa ile mechi, Nairobi wangenifundisha hii sheria mbele ya watu."

Siku ya safari tulimsindikiza Akello kwenye basi. Barasa alitoa Zimwi la Moto katika mfuko wa shati, akamwekea mkononi. "Namkopesha Simba wako rafiki," alimwambia. Akello alilipokea kwa mikono miwili. Huko Nairobi hakushinda mashindano, lakini alirudi na hadithi za mwezi mzima, na zimwi la watu akalirudisha likiwa halina hata kunyanzi. Barasa alikwenda kumwona mama yake Krismasi, nami nikamlindia chumba. Tuliishi pamoja mpaka nilipooa, na tangu Jumapili ile, kila ubishi ulipozuka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Mwite Musyoka."

Miaka ilipita kabla sijakwenda kumshukuru Afande Rose. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Bambi, pole, mimi sikumbuki," alisema. "Lakini asante ulikuja." Akanimiminia chai.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukiitwa mezani, usikimbilie sheria. Acha kila mmoja asimulie mpaka mwisho, na umlinde asikatizwe, hata kama unaona anakosea, maana wengi huuona ukweli wao wenyewe wakipewa nafasi ya kuusema. Kisha soma karata kama ilivyoandikwa, wala si kama mwenye nayo anavyotamani. Usipojua jibu, sema hujui, mlitafute pamoja. Na ukimpa mtu uamuzi unaomwumiza, mpe ukimtazama, kisha ubaki karibu naye. Rafiki wa kweli atakasirika, atakula, atakuuliza tena. Mpe muda huo.

Mungu akupe masikio mapana na ulimi usio na haraka. Akuwekee karibu yako watu kama wale alioniwekea mimi: wa kukushika bega kabla hujakosea, na wa kukupikia jioni ile uliyowaambia hapana. Nenda, mwanangu, wenzako wanakungoja.